Stempu Tulizoloweka

Shangazi alipiga simu mwezi wa sita, siku zile ambazo upepo wa Makambako unakata masikio. Hakuanza na habari za baridi wala za viazi. Alisema, "Baba, lile kopo la babu yako bado unalo?"

Nikamwambia ninalo.

Kuna mtu kanisani alikuwa amemweleza kwamba stempu za zamani zinauzwa kwa mamilioni. Na binti yake wa mwisho alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, ada haijatimia. "Lilete Kitandililo Jumamosi," akasema, "tujue tuna nini."

Nilipanda bodaboda nikiwa nimelipakata kopo kama mtu aliyebeba mayai. Mahindi yalikwisha kuvunwa, mashamba yamebaki na mabua, na misindano ikipiga mluzi kwa upepo. Lilikuwa kopo la biskuti lililobanduka rangi pembeni, na ndani yake mlikuwa na stempu 217. Naijua hesabu hiyo kwa sababu mimi na kaka yangu ndio tuliozihesabu mwaka 1994, mwaka mmoja baada ya babu kufariki, na sisi ndio tuliozitoa kwenye bahasha zake.

Tulikuwa tumesoma mahali kwamba mkusanyaji hodari wa stempu hazichuni kwa kucha, huziloweka. Tukachukua beseni la bibi la kuoshea vyombo, tukamimina maji ya uvuguvugu, tukatumbukiza bahasha zote tulizozikuta kwenye sanduku la babu. Barua zenyewe zilikwisha kuliwa na mchwa zamani. Bahasha zilinusurika kwa sababu babu alizifunga kwenye ngozi. Baada ya muda mfupi stempu zikaanza kuelea moja moja kama majani ya chai. Tukazianika juu ya gazeti, tukaweka Biblia juu zisijikunje. Bahasha, wino wake ukiwa umechuruzika, tulizianika juani, na kesho yake zikawasha moto jikoni. Kuni zilikuwa mbichi na bibi akatushukuru.

Hakuna aliyetugombeza. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijiona nimeokoa mali ya ukoo.

*

Shangazi alitandika kitambaa cheupe mezani, nikamwaga stempu. Yeye alikwenda moja kwa moja kwenye zile tisa ambazo hatukuwahi kuzitambua. Kaka alizipata kwa rafiki wa kalamu wakati anasoma sekondari, walipokuwa wakibadilishana stempu kwa posta. Hazikuwa na neno hata moja la herufi tunazozisoma. Karatasi ya baadhi yake ilikuwa nyembamba na yenye nyuzi, kama iliyotengenezwa nyumbani. Katika daftari letu la utoto tuliziandikia "India?" kwa alama ya kuuliza.

"Hizi ndizo za kale," Shangazi akasema. "Tazama zilivyo mbaya." Kwake ubaya ulikuwa ushahidi wa umri.

Hakuwa mbali na ukweli. Maandishi yale ni ya Devanagari, na ndiyo yaliyotupoteza tulipokuwa watoto, kwa kuwa Wahindi huandikia Kihindi kwa herufi hizo hizo. Safari hii niliacha kusoma, nikatazama picha. Kwenye stempu mbili kulikuwa na taji, na chini yake visu viwili vilivyopinda, vimepishana. Kisu hicho huitwa khukuri, na ndiyo silaha ya Wagurkha. Nchi iliyoweka taji na khukuri kwenye stempu zake ni Nepal, kule kwenye milima ya Himalaya.

Nepal ilitoa stempu zake za kwanza mwaka 1881, za ana 1, ana 2 na ana 4, zikachapwa huko huko nchini. Zilianzia kwenye karatasi iliyotoka Ulaya, kisha zikahamia kwenye karatasi ya kienyeji inayotengenezwa kwa maganda ya kichaka kiitwacho lokta. Fundi alipanga vibao vya chapa kimoja kimoja kwa mkono, na mara kingine kibao kikakaa kichwa chini. Ndiyo maana wakusanyaji hutafuta jozi ambayo stempu moja imesimama na ya pili imepinduka. Mwaka 1907 zikaja nyingine zilizochapwa London na kampuni ya Perkins Bacon, zenye picha ya mungu Shiva mbele ya milima, na mistari yake ni myembamba kama nywele. Baadaye Nepal ilichapa picha ile ile nyumbani, na ukiziweka mbili hizo pamoja hauhitaji mtaalamu: za London zina mistari iliyokatwa vizuri, za nyumbani zina ukungu kama picha iliyonakiliwa mara nyingi. Nne kati ya tisa zetu zilikuwa za ukungu.

Kwa hiyo tulikuwa na jina la nchi na makadirio ya umri. Shangazi akauliza swali lililofuata, ambalo ndilo lililotuleta mezani: "Shilingi ngapi?"

Hapo nikajifunza jambo ambalo lingenirudia baadaye mchana ule kwa uchungu. Stempu mbili za khukuri zilikuwa na muhuri, lakini haukuwa wa posta. Zamani Nepal ilitumia stempu zake pia kwenye ofisi za telegramu: mteja alilipa ada ya telegramu, karani akabandika stempu kwenye fomu, akaigonga muhuri wa ofisi ile. Fomu hazikwenda popote, na stempu nyingi za kale za Nepal zilizopo sokoni leo zilitoka kwenye fomu hizo. Karatasi ni ile ile, chapa ni ile ile, umri ni ule ule. Lakini yenye muhuri wa simu huuzwa kwa bei ya chini sana kuliko yenye muhuri wa posta. Moja ilikaa ofisini. Nyingine ilivuka milima mgongoni mwa mtu.

"Kwa hiyo wanalipia safari," Shangazi akasema.

Sijasikia mtu akieleza vizuri zaidi.

*

Nilifikiri Nepal ni mbali na sisi, hata nilipozipanga upya stempu kwa miaka. Ndipo nikaona kwamba Kathmandu na Unguja zilikwisha kukaa kwenye mstari mmoja wa posta. Mtu wa Kathmandu aliyetaka kupeleka barua ng'ambo hakuweza kutumia stempu ya mfalme wake, kwa sababu nje ya nchi haikutambuliwa. Nepal iliingia katika Umoja wa Posta Duniani mwaka 1956 tu. Kabla ya hapo barua ya ng'ambo ilibandikwa stempu ya India na kupitia posta ya Waingereza. Unguja nako, kuanzia 1875, posta iliyokuwapo ilikuwa ya India, na stempu zilikuwa za India zenye sura ya Malkia Victoria. Zanzibar ilipopata stempu zake mwaka 1895, zilikuwa zile zile za India zilizogongwa neno "Zanzibar" juu. Fundi wa chapa alikosea hapa na pale, na zikatoka chache zilizoandikwa "Zanzidar". Leo kosa hilo moja la herufi lina thamani kuliko ukurasa mzima wa stempu zisizo na kosa, na kwa sababu hiyo hiyo wapo waliojitengenezea makosa yao wenyewe nyumbani.

Watu wa milima ile walifika hata kwetu. Novemba 1914 Waingereza waliposhusha jeshi Tanga, vikosi vya Kashmir vilikuwa miongoni mwa walioshuka, na ndani yake walikuwamo Wagurkha. Walikuwa miongoni mwa wachache walioingia mjini kabla jeshi zima halijafukuzwa kurudi melini. Jeshi lile la India lilikuja na stempu za India zilizogongwa herufi I.E.F., maana yake jeshi la India lililotumwa nje. Kwa stempu vita hiyo husomeka kama ramani. Kutoka baharini zilikuja I.E.F. Kutoka magharibi Wabelgiji walikuja na stempu za Kongo zilizogongwa maneno ya Kifaransa na Kiflemi kutangaza kwamba Afrika Mashariki ya Wajerumani sasa iko mikononi mwao. Waingereza walipokwisha kukaa, mwaka 1917 wakagonga G.E.A. juu ya stempu za Afrika Mashariki na Uganda. Na kutoka kusini-magharibi, kwa njia iliyopita huku kwetu, zilikuja stempu za Nyasaland zenye herufi mbili tu: N.F.

Katika kopo letu zilikuwamo mbili za N.F.

*

Ili ujue kwa nini mikono yangu ilitulia nilipoziona, lazima nikueleze zilizotangulia.

Wajerumani walipofungua posta Dar es Salaam na Bagamoyo mwaka 1890, walitumia kwanza stempu zao za nyumbani. Mwaka 1893 wakazigonga thamani kwa pesa, kwa sababu mwambao ulihesabu kwa rupia na pesa, pesa 64 kwa rupia moja. Mwaka 1901 ikaja stempu ambayo kila mtu mwenye kopo la zamani anayo: merikebu ya Kaizari, Hohenzollern, ikikata mawimbi. Sisi wa nyanda za juu, ambao bahari tuliisikia kwenye hadithi, tulibandika meli kwenye barua zetu. Kuzitambua ni rahisi ukijua fedha. Ikiwa thamani imeandikwa kwa pesa, ni ya kabla ya 1905. Ikiwa ni kwa heller, ni ya 1905 au baadaye, kwa kuwa ndipo walipobadili rupia ikawa na heller 100. Kisha unalaza stempu kifudifudi kwenye sahani nyeusi na kutafuta alama ya ndani ya karatasi, ile inayoonekana karatasi ikipata mwanga au unyevu. Ikiwapo alama ya maumbo ya almasi, ni ya 1906 au baadaye. Tulikuwa na saba za meli. Zote za thamani ndogo, zote za kawaida.

Vita ilipoanza koloni likazingirwa, na stempu zikapungua. Mwaka 1916 kiwanda cha chapa cha misheni huko Wuga, Usambara, kikachapa stempu za dharura. Kabla hazijatumika, mwezi Machi meli ya Kijerumani Marie ikapenya hadi ghuba ya Sudi, kusini ya Lindi, na pamoja na silaha ikaleta stempu. Shehena yake ikasafirishwa bara vichwani mwa wapagazi. Stempu za Wuga zikawa hazina kazi. Zikafukiwa ardhini zisitekwe, na zikafukuliwa baada ya vita. Leo ni miongoni mwa vitu vinavyotafutwa na wakusanyaji wa stempu za Wajerumani: stempu ambazo hazikusafirisha barua hata moja. Nilipomweleza Shangazi akacheka. "Sasa mbona hizo wanalipa na hazikusafiri?" Nikamwambia hizo zilisafiri chini ya udongo.

Mei 1916 Jenerali Northey alivuka mpaka kutoka Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Akachukua Neu Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, kisha akapanda kuja Njombe. Tarehe 24 Julai walipigana Malangali, mwendo mfupi tu kutoka hapa kwa mtu anayepita barabara kuu ya Iringa. Mwishoni mwa Agosti Iringa ikaanguka. Miezi iliyofuata Wajerumani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka Tabora walikatiza katikati ya nchi ya Wabena kuelekea Mahenge. Lupembe kukapiganwa, na mwishoni mwa Novemba kikosi chao kimoja kikasalimu amri Ilembula, pamoja na mzinga wake. Wazee wa Kitandililo waliizungumzia vita ile kama mvua ya mawe: ilipita, ikala mashamba, ikachukua vijana.

Vijana walichukuliwa kubeba mizigo. Jeshi la Northey halikuwa na reli, na barabara zake zilikuwa njia za miguu. Kila gunia la unga, kila sanduku la risasi lilikwenda kichwani mwa mtu. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Huku kusini tulikuwa na wetu, hatukupata soko la kuwakumbuka. Wapagazi wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, njaa na baridi kuliko kwa risasi.

Baba wa babu alikuwa mmoja wao, na alirudi.

*

Jeshi lile lilihitaji posta. Kuanzia Agosti 1916 lilitumia stempu za Nyasaland zenye sura ya Mfalme George wa Tano, zilizogongwa N.F., maana yake Jeshi la Nyasaland. Zilikuwa za aina tano: nusu peni, peni 1, peni 3, peni 4 na shilingi 1. Zilitumika kwenye posta za jeshi zilizohama pamoja na mahema, ndani ya nchi yetu na hata Msumbiji, hadi 1918. Zetu zilikuwa mbili za peni 1, nyekundu iliyopauka.

Herufi mbili ni kitu chepesi kughushi. Mtu akiwa na stempu ya kawaida ya Nyasaland na kiwanda kidogo cha chapa, anaweza kujitengenezea vita yake. Kwa hiyo kuna maswali ya kuuliza. La kwanza ni karatasi. Stempu za N.F. ziligongwa kwenye karatasi yenye alama ya ndani ya taji na herufi CA zilizosimama kwa herufi za chapa. Kuanzia 1921 karatasi ya stempu za Nyasaland ilibadilika, herufi za alama zikawa za mwandiko wa kulala. N.F. iliyogongwa juu ya karatasi ya mwandiko wa kulala ni uongo, kwa sababu karatasi hiyo haikuwapo wakati wa vita. Nilizilaza zetu kwenye sahani. Herufi zilisimama. Shangazi akapiga makofi.

La pili ni muhuri. Muhuri wa kweli unasema ni posta gani ya jeshi na tarehe gani. Nikawasha mwanga wa simu, nikashika lenzi. Stempu ya kwanza ilikuwa na robo ya mduara na tarakimu 17. Ya pili ilikuwa na ukingo tu wa mduara, kama mwezi mwandamo. Muhuri wa posta hugongwa nusu juu ya stempu na nusu juu ya bahasha, ili mtu asibandue stempu akaitumia tena. Jina la kituo, siku na mwezi vilikuwa kwenye ile nusu nyingine.

Nusu ile ilichoma kuni mbichi za bibi mwaka 1994.

Nilikaa kimya. Shangazi alidhani nimeona kitu kizuri, akangoja. Nikampigia simu mnunuzi mmoja wa Dar es Salaam niliyepewa namba yake na rafiki. Nikamtajia vitu vyote kwa mpangilio, naye akawa anasema "ndiyo, ndiyo" kama mtu anayehesabu mifuko ya saruji. Nilipofika kwenye N.F. akanyamaza kidogo, akauliza, "Ziko kwenye bahasha?"

Nikasema hapana.

"Zilikuwa za barua ya nani?"

*

Zilikuwa za barua za karani. Hadithi hii babu aliisimulia, na Shangazi anaikumbuka kuliko mimi. Baba wa babu alipokuwa mpagazi alifanya urafiki na kijana kutoka Nyasaland aliyesoma shule ya misheni na kuajiriwa na jeshi kuandika orodha za mizigo. Usiku, moto ukiwaka, karani yule alimfundisha kusoma, kwa kuandika herufi kwa mkaa juu ya kifuniko cha sanduku. Mpagazi alipougua akarudishwa nyumbani, jeshi likasonga mbele. Mwaka uliofuata zikamfikia barua mbili kupitia misheni. Hakuna mtu kijijini aliyewahi kupata barua. Inasemekana ya kwanza alishinda nayo siku tatu kabla ya kuifungua.

Nilipomweleza mnunuzi hayo, alishusha pumzi ndefu. Akaniambia kwa upole, na nikiri alikuwa mtu mwungwana, kwamba bahasha za N.F. zinazopatikana ni za maofisa waliowaandikia wake zao Uingereza na Afrika Kusini. Karani wa Kiafrika kumwandikia mpagazi wa Kiafrika, ndani ya nchi, wakati wa vita, yeye hajawahi kuiona. "Ungekuwa nayo," akasema, "tusingezungumza kwa simu. Ningepanda basi usiku huu." Kwa stempu mbili zisizo na bahasha, zenye vipande vya muhuri visivyosomeka, alitaja bei ya kuku wanne.

Nikamgeukia Shangazi nikamweleza. Nikamwambia na lile la beseni, kwamba kosa ni langu mimi na kaka. Nilitegemea anikasirikie, maana ada ya binti yake ilikuwa imepita kwenye mafiga ya bibi ikatoka kwa moshi.

Yeye akauliza kitu kingine. "Unakumbuka jina lilivyoandikwa?"

Sikukumbuka. Nilikuwa na miaka kumi, na nilizitazama stempu tu.

"Mimi nakumbuka." Akaomba kalamu. Shangazi alizaliwa 1955, na alipokuwa msichana babu alimfungulia ngozi ile akamwonyesha. Aliandika kwenye daftari langu polepole, jina la baba wa babu, kama karani wa Nyasaland alivyolisikia na kuliandika: R mahali ambapo sisi tunatamka L, na herufi moja zaidi mwishoni. Chini yake akaandika jina la misheni. Chini yake, maneno "kwa mkono wa mwalimu".

"Wapagazi waliandikwa kwa namba," akasema. "Babu yako alisema namba ya baba yake ilikuwa kwenye kipande cha bati shingoni. Jina lake mzungu hakuliandika mahali popote. Liliandikwa pale."

Nimezitazama stempu tangu utotoni na sikuwa nimeona jambo hilo. Stempu humtaja mfalme. Ukizipanga za kwetu zote, kuanzia meli ya Kaizari, George aliyegongwa N.F., George aliyegongwa G.E.A., twiga wa Tanganyika wa mwaka 1922, hadi treni ya TAZARA ya mwaka 1976, unapata orodha ya waliotutawala na walichotaka tukione. Anayepelekewa barua hayumo. Yeye yumo kwenye bahasha, kwa wino, kwa mwandiko wa mtu aliyemjua. Na hicho ndicho tulichokiosha ili tubaki na mfalme msafi.

*

Tuliuza. Lazima niseme, kwa kuwa hadithi za namna hii hupenda kuishia na kopo likirudi kabatini kwa heshima. Mnunuzi alichukua za Nepal, za meli, twiga, na rundo la stempu za miaka ya tisini ambazo binti wa Shangazi alidhani ndizo zenye fedha kwa sababu zinang'aa: mijusi wakubwa wa kale na wanamuziki wa Marekani, zote zimeandikwa Tanzania. Stempu za namna hiyo zilichapwa nje ili ziuzwe kwa wakusanyaji wa nje, na sijawahi kumwona mtu akizinunua dirishani Makambako. Bhutan, nchi nyingine ya Himalaya, ilifanya biashara hiyo mapema zaidi. Ilitoa hata stempu za santuri ambazo ukiziweka kwenye gramafoni zinaimba. Ajabu ni kwamba hizo za Bhutan, zilizodharauliwa na wakusanyaji wakati ule, leo zinatafutwa. Za mijusi wetu bado.

Fedha yote ilifika bei ya magunia mawili ya mahindi. Sehemu iliyobaki ya ada ilitoka kwenye viazi, na kwenye misindano michache ambayo Shangazi alitaka kuiacha ikomae miaka mitatu zaidi.

N.F. mbili hatukuuza. Kwa kuku wanne, Shangazi alisema, bora tule kuku wetu. Zimebandikwa sasa kwenye ukurasa wa daftari langu, juu ya lile jina alilolitamka herufi kwa herufi, na maneno "kwa mkono wa mwalimu". Najua ukurasa huo hauna bei. Mnunuzi yeyote ataona stempu mbili zilizooshwa na mwandiko wa mwanamke wa mwaka huu.

Nilipokuwa naondoka, Shangazi aliingia ndani akarudi na bahasha ya kaki aliyokuwa akihifadhia mbegu za maboga. Juu yake palikuwa na stempu ya zamani, muhuri wa Makambako, na anwani yake ya usichana kwa mwandiko wa marehemu mume wake. Akamwaga mbegu kwenye kikombe. Akaifuta bahasha vumbi kwa upindo wa kitenge, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Hii," akasema, "usiiguse na maji."